Soja wa Sekta ya Kwanza

S.L.P. 41, Kiriaini
6 Oktoba 1997

Kwa Mwalimu Oloo,

Pokea salamu zilizolowa. Huku imenyesha siku sita bila kupumzika, na redio inasema mvua yenyewe bado haijaanza. Mimi sijambo, tena nina sababu ya kujisifu, kwa hiyo tafuta kiti ukae.

Imewaka, Mwalimu! Kompyuta niliyoiunga kwa vipande vya kuomba huku na huku imewaka, na haiwaki na mfumo mmoja, inawaka na mitatu. Ile programu ndogo uliyonifundisha kwa barua tangu Machi, ya kukaa kwenye sekta ya kwanza ya diski na kumwuliza mtu anataka mfumo upi, nimeiandika mwenyewe, amri kwa amri. Nimeipa jina Soja. Si kazi yake ni ya soja wa geti? Mashine ikiamka inamkuta yeye kwanza. Anakusalimu, anakuuliza unaenda wapi, halafu anakufungulia. Ukibonyeza 1 unapata DOS, ambayo wasichana wangu wanajifunzia kupiga chapa. 2 ni Windows, maana ofisi za Nyeri mjini siku hizi zinaiulizia. 3 ni ile Linux yako ya disketi thelathini na mbili, na mpaka leo sijui kwa nini unaipenda hivyo.

Ulipokuwa ukinifundisha hesabu pale Kangema ulisema akili yangu haina shida, shida ni haraka. Basi leo haraka imefika salama.

Sasa jambo zito. Mzee Wamae, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa soko, anakitaka chumba chetu cha masomo akifanye cha kuonyesha video. Alisimama mlangoni akasema, "Hii ni mabati ya kuokota-okota. Ati computa! Hii ikiwaka bila mwanaume kuishika, mimi nitavaa leso kama wamama." Kamati imetupa mpaka Jumamosi tarehe 29 Novemba. Siku hiyo mifumo yote mitatu ifunguke mbele yao, la sivyo tutoke. Tukitoka, wasichana kumi na wanne hawana mahali pa kujifunzia, nami narudi kuchuma majani chai kwenye shamba la kaka yangu.

Mistari mitano ya mwisho ya sekta nimeinakili nyuma ya karatasi hii kama ulivyoagiza. Sijui unaitakia nini.

Mwanafunzi wako,
Gladwell Wakonyo


S.L.P. 233, Nanyuki
13 Oktoba 1997

Gladwell,

Barua yako niliisomea palepale posta, nikapiga ukuta kwa kiganja mpaka yule wa dirishani akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, mwanafunzi wangu amepita mtihani ambao mimi mwenyewe niliufanya mara tatu.

Sasa tulia usikilize. Mistari hiyo mitano ndiyo ramani ya diski. Inaonyesha DOS inaanzia wapi, Windows inaanzia wapi, Linux inaanzia wapi. Nimeinakili kwenye daftari langu. Sekta nzima ina nafasi 512, na ramani inaanza baada ya nafasi 446 za kwanza. Soja wako, amri zake na maneno yake yote, lazima atoshee humo. Kila herufi inakula nafasi moja, na pengo kati ya maneno pia. Umeniambia anasalimu. Sawa, asalimu, lakini asihutubie.

Na mashine inayofanya kazi haiguswi. Usiiguse mpaka tarehe 29.

Mzee Wamae mwambie aanze kuchagua rangi ya leso.

Mwalimu wako,
Z. Oloo


S.L.P. 41, Kiriaini
25 Oktoba 1997

Kwa Mwalimu,

Salamu nitakupa siku nyingine. Mambo yameharibika.

Jana asubuhi niliwasha mashine. Soja akasalimu vizuri, akauliza. Nikabonyeza 1. Kimya. Kile kijistari cha kwenye kioo kikabaki kinapepesa tu. Nikazima, nikawasha, nikabonyeza 2. Kimya vilevile. Nikabonyeza 3, Linux yako ikafunguka bila wasiwasi, inaringa kama jogoo wa jirani. Lakini Linux si kitu wasichana wanajifunzia, na kamati ilisema mitatu.

Sijagusa kitu. Labda ni unyevu. Ukuta wa nyuma unatoa maji.

Kwa kutumia disketi ya kuwashia nimenakili sekta yote ya kwanza, na nimeituma kwa basi mpaka dukani kwako, nyuma ya stesheni ya petroli. Itafika kesho kutwa kama barabara haijakatika. Isome kwa mashine yako uniambie kilichoharibika. Wewe ukiitazama dakika tano utajua.

Imebaki mwezi mmoja na siku nne.

Gladwell


S.L.P. 233, Nanyuki
1 Novemba 1997

Gladwell,

Disketi sitaisoma. Niandikie namba zote za sekta kwa mkono, mistari yote thelathini na miwili, namba kumi na sita kwa kila mstari. Andika kwa kalamu ya wino, usikate kona kwa kuruka namba. Tuma kwa sanduku langu la posta. Usitume kitu tena dukani.

Angalia pia kebo ya diski kama imekaa imara. Ukuta unaotoa maji hauchagui 1 na 2 ukaiacha 3, kwa hiyo unyevu usahau.

Swali ambalo utalijibu kwa neno moja: umegusa au hujagusa?

Z. Oloo


S.L.P. 41, Kiriaini
7 Novemba 1997

Mwalimu Oloo,

Nilikuwa nikikuheshimu, na bado nakuheshimu, lakini leo nitasema. Nimekutumia disketi. Ungeiingiza kwenye mashine yako na kazi ingekwisha. Badala yake unaniambia niandike namba mia tano na kumi na mbili kwa mkono kama mtoto wa darasa la tatu aliyepiga kelele darasani. Nina miaka thelathini na moja. Nimeunga mashine hii kwa bisibisi moja na kisu cha jikoni. Kama unafikiri mwanamke hawezi kuelewa mpaka aadhibiwe kwanza, basi wewe na Wamae mngekaa benchi moja.

Nimeandika mistari kumi na mitano, ile yenye amri. Mkono umeniuma nikaacha. Iliyobaki ni maneno tu, haina amri hata moja, haiwezi kumdhuru mtu. Kebo iko imara.

Jibu la neno moja: hujanielewa.

Gladwell


S.L.P. 233, Nanyuki
12 Novemba 1997

Gladwell,

Hilo ni neno moja kweli, lakini si jibu. Tuliache.

Nimezifuata amri zako moja baada ya nyingine kwa penseli, siku tatu, nikijifanya mimi ndiye mashine. Naingia mlango huu, natoka ule, naweka hiki hapa, nakitoa. Sikuona kosa. Kusema kweli ni safi kuliko nilivyokufundisha. Pale unapomsubiri mtu abonyeze umetumia njia fupi ambayo sikuifikiria mimi.

Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye mistari kumi na saba ambayo hukuiandika. Salamu moja na swali moja havijazi mistari mingi hivyo. Kuna kitu humo, na wewe unakijua. Mficha maradhi kilio humfichua. Sijakuadhibu, Gladwell. Ninaomba kuona.

Siku zimebaki kumi na saba, na posta ya mvua hii inakula tano kila safari.

Z. Oloo


S.L.P. 41, Kiriaini
17 Novemba 1997

Mwalimu,

Mficha maradhi, umesema? Leo bahasha ya disketi imenirudia. Gundi haijafunguliwa. Mtu wa basi ameandika juu yake: "Duka limefungwa, mwenyewe alihama mwezi jana." Nimeitazama mpaka chai ikapoa. Uko wapi, Mwalimu? Kwa nini uliniacha nikakutukana barua nzima bila kuniambia huna hata mahali pa kuiweka disketi?

Naona aibu. Na kwa kuwa naona aibu, nitaanza mimi kufunua.

Niligusa. Nilipopata barua yako ya kuniambia nisiguse, nilikuwa nimeshaamua kugusa. Mashine hii ililetwa na akina mama tisa, kila mmoja na chake. Wachuka alileta kioo, ofisi ya mumewe ilikitupa. Ngendo alileta kasha. Cucu Watiri, bibi mkubwa kuliko sisi sote, alileta kibodi aliyoachiwa na mwanawe, akaibeba kwa kikapu chini ya majani chai ili isinyeshewe. Na wewe umekaa huku kwetu, unajua harambee. Mtu akitoa, anasomwa. Jina lake na alicholeta, mbele ya watu, naye anasimama. Usipomsoma, umemwibia.

Kabla barua yako haijafika, Cucu alikuja akaketi, akaniuliza, "Jina yangu inaweza kuingia hapo ndani?"

Nikamwambia inaweza.

"Unajua nambari ya kuuzia majani chai iko kwa jina ya mzee. Title ya shamba iko kwa jina ya kijana. Hata kwa kanisa nimeandikwa Mama Nani. Ukiandika mimi hapo, itakaa?"

"Itakaa, Cucu."

"Hata nikifa?"

"Hata ukifa."

Ungekuwa wewe ungemwambia nafasi hazitoshi? Niliyaandika majina yote tisa, kila moja na mstari wake, na alicholeta. Nilihesabu herufi zote na mapengo yote, mara mbili, Mwalimu, ikafika 446 kamili. Sikuzidisha hata moja. Asubuhi yake 1 na 2 zikafa. Nilikuficha kwa sababu nilijua utaniambia niyatoe.

Na si wewe peke yako. Wamae aliyaona jioni ile nikiyaandika, kabla ya mashine kuharibika. Akaniita pembeni: "Toa hao wamama wote, weka jina ya mwenyekiti, na chumba ni yenu. Tusisumbuane." Nilimwambia heri Soja anyamaze milele kuliko aanze kusalimu watu kwa uongo. Sasa Soja amenyamaza kweli, na Wamae anapita dirishani akipiga mluzi.

Hii hapa mistari kumi na saba iliyobaki. Nimeiandika kwa wino. Sikukata kona.

Gladwell


Kwa mkono wa mletaji, Nanyuki
21 Novemba 1997

Gladwell,

Barua hii haipiti posta. Inaletwa na kaka yake Bi Khavere, anayepita Kiriaini Jumatatu akielekea Murang'a. Khavere ni mwalimu wa shule ya msingi hapa, ametoka magharibi kama mimi. Ndiye aliyenipa chumba.

Nitasema mara moja tu. Tarehe 18 Oktoba mwenye nyumba alikuja dukani. Alisema, "Sina ubaya na wewe, Mwalimu. Lakini kura iko karibu, na watu wanauliza ni mtu wa wapi nimeweka hapa." Miaka saba nimemtengenezea redio yake. Alinipa siku mbili. Vitu vilitolewa nje kwenye mvua, na mashine yangu ikaanguka kwenye ngazi. Diski haikuamka tena. Kwa hiyo nilikwambia uandike kwa mkono kwa sababu sikuwa na macho mengine ya kuonea. Nilishindwa kukuambia. Niliona uchungu, na niliona haya mwanafunzi wangu anione nimesimama nje na viti vyangu. Lakini nikwambie pia kwamba siku zile tatu za penseli ndizo siku pekee mwezi huu nilizokuwa mtu mwenye kazi.

Sasa kosa. Nimelipata.

Wewe ni mpiga chapa, na umehesabu kama mpiga chapa. Kwenye taipureta, mwisho wa mstari unasukuma tu ile sehemu ya karatasi, na hakuna herufi inayoandikwa. Kwenye sekta, mwisho wa kila mstari unakula nafasi mbili: moja ya kurudi mwanzo, moja ya kushuka chini. Majina tisa, mistari tisa, nafasi kumi na nane. Zimemwagikia ramani. Ramani ya DOS ina nafasi kumi na sita, umeikanyaga yote. Mbili zilizobaki zimeangukia kichwa cha ramani ya Windows. Linux iko nyuma yao, haikuguswa, ndiyo maana inaringa. Hakuna kilichofutwa ndani. Nyumba zote zipo, Soja tu ndiye amepoteza njia.

Ile mistari mitano ya Oktoba, ambayo hukujua naitakia nini, ninayo kwenye daftari. Hata mimi sikujua. Nimekuandikia ukurasa wa pili, irudishe kama ilivyo.

Majina je? Nilianza kuandika: toa vitu walivyoleta, bakiza majina. Nikakata. Nikaandika: yapange kwenye mstari mmoja. Nikakata tena. Mimi nimetolewa mahali kwa sababu ya jina langu, na sitakaa hapa nikusaidie kumtoa Cucu Watiri.

Sikiliza. Nyuma ya sekta ya kwanza kuna sekta sitini na mbili tupu kabla DOS haijaanza. Hakuna anayezitumia. Majina yapeleke sekta ya pili, yana nafasi 512 peke yao, hata akina mama thelathini wataingia. Soja abaki na salamu na swali, na umwongezee amri hizi za ukurasa wa tatu: aende sekta ya pili, aisome, na akishindwa ajaribu mara tatu kabla ya kukata tamaa. Nimezihesabu pamoja na miisho ya mistari. Zitabaki nafasi nne kabla ya ramani. Ziache sifuri.

Jina langu usiliandike popote. Wiki hizi si jina la kuwekwa mbele ya watu, litawaletea maneno. Na Jumamosi sitakuja. Wamae alisema bila mwanaume kuishika, basi asipate pa kushikia.

Mwalimu wako,
Zachary Oloo


S.L.P. 41, Kiriaini
1 Desemba 1997

Kwa Mwalimu Zachary Oloo,

Salamu kutoka kwa akina mama kumi na mmoja. Ndiyo, waliongezeka wawili. Waliposikia kuna nafasi ya thelathini, mmoja alileta feni na mwingine akaleta kitambaa cha kufunikia.

Jumamosi ilinyesha mpaka chini ya paa la ukumbi watu wakawa hawasikilizani. Wamae alikuja na kamati yake nzima, na fundi wake wa kutoka Nyeri mjini aliyevaa tai. Fundi akataka kuwasha. Wachuka akamwambia, "Wewe kaa chini, kijana, hii hapana hitaji mwanaume. Ni mzee amesema." Tukamwita Cucu Watiri. Alipangusa kidole kwenye leso yake, akabonyeza.

Soja akasalimu. Halafu majina yakaanza kushuka, moja moja, na mimi nikayasoma kwa sauti kushinda mvua. Kila aliyesomwa akasimama. Nilipofika "WATIRI - KIBODI" Cucu alikuwa tayari amesimama kwa sababu yeye ndiye aliyewasha, basi akainua mkono. Alikaa ameuinua mpaka jina la mwisho. Mwalimu, nililia, na sikujificha.

Wamae akainuka. "Na mwenyekiti? Jina ya mwenyekiti iko wapi?"

Cucu akamgeukia. "Ulileta nini?"

"Mimi nilitoa chumba!"

"Chumba ni ya soko. Nimekuuliza wewe ulileta nini."

Nikabonyeza 1, DOS ikafunguka. Nikazima, nikawasha, 2 ikafunguka. Fundi mwenye tai akasogea, akasoma majina mara ya pili, akaniuliza ni kampuni gani iliyoandika programu ya kuamshia. Nikamwambia ni hapa Kiriaini. Nikabonyeza 3, na kwa mara ya kwanza naipenda.

Usidhani yamekwisha. Wamae alisema kamati itatoa uamuzi baada ya kura. Sisi tumetoa wetu kabla ya kura: jioni ileile Wachuka alibadilisha kufuli. Na juu ya kiti cha mwenyekiti tumeacha leso, ya manjano, imekunjwa vizuri.

Sasa nikuungamie mara ya mwisho. Uliniambia kumebaki nafasi nne kabla ya ramani, niziache sifuri. Nimehesabu, na safari hii nimehesabu na miisho ya mistari. Ni nne kweli. Nimeandika O, L, O, O. Usiogope, haitokei kwenye kioo, Soja anaishia kusoma kabla ya hapo, na Wamae hawezi kuiona hata akilala na mashine. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mashine ikiamka huichukua sekta ya kwanza yote kabla ya kitu kingine chochote. Majina yetu yako ya pili. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla haijamjua Watiri wala Wachuka wala mimi, inakuwa imeshakubeba wewe.

Nimewaambia akina mama. Cucu akauliza kama huyo Mwalimu wa Nanyuki alileta kitu. Nikamsomea ukurasa wa pili na wa tatu wa barua yako, namba zote, mpaka mwisho. Akasema, "Huyo asimame."

Kuna meza karibu na dirisha, ukuta wa upande huo hautoi maji. Lete bisibisi zako na lile daftari. Usingoje kura ipite ndipo uje, njoo kabla, watu wakikuona. Kufuli la Wachuka lilikuja na funguo mbili. Mmoja ninao. Mwingine umo ndani ya bahasha hii.

Mwanafunzi wako,
Gladwell Wakonyo